Darasa la ubatizo, shirika, mlezi au chumba cha maombi: mwanafunzi wa Yesu akuzwe wapi hapa Goma?

Kijana anayetaka kujua kutengeneza chukudu, skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, haketi mahali akasikiliza hotuba juu ya chukudu. Anaenda kwa fundi. Anabeba mbao za mkaratusi, anashikilia upande mmoja fundi akipigilia misumari, anaharibu gurudumu la kwanza, anaelezwa kwa nini limeharibika, anarudia. Miezi inapita, na mkono wake unaanza kufanya kile mkono wa fundi unachofanya. Huyo ndiye mwanafunzi, na neno hilo ndilo Biblia yetu ya Kiswahili inalotumia kwa watu waliomfuata Yesu. Jina "Mkristo" linaonekana mara 3 tu katika Agano Jipya lote (Matendo 11:26, Matendo 26:28 na 1 Petro 4:16), lakini wanafunzi wanatajwa zaidi ya mara 200. Hata pale Antiokia, walioitwa Wakristo kwa mara ya kwanza walikuwa tayari ni wanafunzi.

Basi aliyeamini ana swali la kujiuliza: nani ananifundisha kazi hii, na wapi? Hapa Goma njia ni nyingi. Kuna darasa la ubatizo la parokia au la kanisa la Kiprotestanti, kuna shirika au seli, yaani jumuiya ndogo ya majirani ya mtaani, kuna mlezi wa mtu mmoja, kuna chumba cha maombi, na siku hizi kuna simu. Wengi wanashika tatu kwa pamoja bila kuzilinganisha, wanachoka, kisha wanaacha zote. Tunazilinganisha hapa kwa ajili ya mtu aliyeamini karibuni, na pia kwa yule aliyebatizwa akiwa mtoto mchanga na sasa moyo wake umeamka. Hatulinganishi Wakatoliki na Waprotestanti. Pande zote mbili zina njia hizi, majina tu ndiyo tofauti.

Tunapima kwa nini

Marko 3:14 inasema Yesu aliweka watu kumi na wawili "wapate kuwa pamoja naye, na kwamba awatume kuhubiri". Kukaa naye kunatangulia, kutumwa kunafuata. Nalo agizo la mwisho katika Mathayo 28:20 ni "kuwafundisha kuyashika yote niliyowaamuru ninyi". Tusome vizuri: kuyashika. Mtu anaweza kuyajua Mahubiri ya Mlimani, Mathayo 5 mpaka 7, kwa wiki chache. Kumsamehe shemeji aliyeuza kiwanja cha familia ni kazi ya namna nyingine, na ndiyo kazi yenyewe.

Kwa hiyo kila njia tunaiuliza maswali haya. Je, kuna mtu pale anayenijua kwa jina, anayejua ninaishi na nani na ninakula kwa kazi gani? Neno linasomwa kwa mfuatano, au ni mistari ileile kumi inayozungushwa? Yuko atakayerudi kuniuliza kama nilifanya nilichosikia? Na je, njia hii inanituma kwa mgonjwa, kwa maskini, kwa jirani nisiyempenda, au inanikalisha kwenye kiti mwaka mzima? Njia ikikosa jambo moja, njia nyingine inaweza kulijaza. Ikiyakosa yote manne, hata kwaya iwe nzuri namna gani, haikuzi mwanafunzi.

Darasa la ubatizo

Nguvu ya darasa ni mpangilio. Unapewa imani yote, tangu uumbaji hadi ufufuo, bila kuachiwa utashi wa mhubiri wa Jumapili ile. Upande wa Katoliki, utaratibu wa watu wazima uliorudishwa mwaka 1972 una ngazi zinazojulikana: kupokelewa kuwa mkatekumeni (anayejiandaa kubatizwa), kuteuliwa Jumapili ya 1 ya Kwaresima, kuchunguzwa Jumapili ya 3, ya 4 na ya 5, kisha Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi katika Mkesha wa Pasaka. Kipindi cha Pasaka kinachofuata ni cha kuwafafanulia wapya mafumbo waliyopokea. Kipindi hicho cha mwisho kinasahauliwa haraka, na ndipo wengi wanapopotea. Upande wa Kiprotestanti, kwa mfano katika makanisa ya CBCA (Wabaptisti) na CEPAC (Wapentekoste), mtu anafundishwa, anaulizwa mbele ya viongozi, kisha anazamishwa majini, na hapa kwetu mara nyingi maji hayo ni ya Ziwa Kivu.

Udhaifu wa darasa ni kwamba linaisha. Mtu anapata kadi ya ubatizo, anaiweka pamoja na diploma, na mwenyewe anahesabu kwamba amemaliza. Udhaifu wa pili ni maswali na majibu ya kukariri: mkatekumeni anajibu vizuri kuhusu Utatu Mtakatifu, lakini hakuna aliyemuuliza kama bado anampiga mke wake. Kanisa la kale lilijua hatari hii. Mapokeo ya Kitume, andiko la kanuni za Kanisa ambalo kwa kawaida huwekwa katika karne ya 3, linataka wakatekumeni walisikie Neno kwa miaka 3, na linaongeza kwamba mwenye bidii asipimwe kwa muda bali kwa mwenendo. Kabla ya ubatizo maisha yao yalichunguzwa kwa maswali haya: waliwaheshimu wajane? Waliwatembelea wagonjwa? Walitenda mema? Na waliowaleta ndio waliopaswa kuwashuhudia. Darasa lolote hapa Goma linaweza kuurudisha uchunguzi huo bila kuongeza gharama hata ya franka moja.

Ukijiandikisha, uliza mapema jambo la ndoa. Kama unaishi na mtu na mahari haijatolewa, au kama una wake wawili, usingoje wiki ya mwisho. Masharti yanatofautiana kanisa kwa kanisa, na tumewaona watu wakisoma hadi mwisho ndipo wakaambiwa kwamba hawatabatizwa. Wanaondoka na uchungu ambao dakika kumi za maongezi mwanzoni zingeuzuia.

Shirika na seli

Hapa tutakaa zaidi, kwa kuwa kwa watu walio wengi ndipo pa kuanzia.

Mwaka 1961, Kongo ikiwa na mwaka mmoja wa uhuru, maaskofu Wakatoliki wa nchi hii walichagua jumuiya hai za mtaani kuwa njia ya kulijenga Kanisa. Kwetu Goma na Bukavu tunaziita shirika. Waprotestanti wana seli, na kazi yake ni ileile: majirani wanakutana katika nyumba ya mmoja wao, mara moja kwa wiki, karibu na pale wanapoishi. Anayeishi Katoyi hahitaji pikipiki, anatembea kwa mguu. Asipokuja wiki mbili, watu wanapiga hodi kwake. Ni jambo dogo, lakini hakuna mahubiri ya umati yanayoliweza.

Wingi wa watu unaamua mengi. Wakiwa chini ya 5, mmoja akisafiri na mwingine akiugua, mkutano umekufa. Wakizidi 12 wapole wananyamaza, na wanaoongea ni walewale watatu kila juma. Shirika lenye watu 30 linaweza kusali Rozari vizuri na kuzika wafu wake kwa heshima, lakini kwa kukuzana ni lazima ligawanyike katika vikundi vya 8 hadi 12 wakati wa kusoma Neno, kisha lirudi pamoja kwa maombi ya mwisho. Saa nzuri ni alasiri, kwa mfano saa tisa na nusu mpaka saa kumi na moja, watu wafike nyumbani kabla ya giza. Dakika 90 zinatosha. Mkutano unaochukua zaidi ya dakika 120 unawafukuza akina mama wenye watoto wadogo, na hao ndio nguzo zake.

Mashirika mengi hutumia njia ya hatua saba iliyotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Kwanza mnamkaribisha Bwana kwa sala fupi. Pili mnasoma. Tatu kila mtu anataja neno au kifungu kilichomgusa, bila kukieleza. Nne mnanyamaza, dakika tatu hadi tano. Tano kila mmoja anasema kilichomgusa moyoni. Sita mnaongea juu ya kazi: Neno hili linatudai nini wiki hii, nani atafanya, lini? Saba mnasali. Ukitembelea shirika, angalia hatua ya sita. Katika vikundi vingi inarukwa kwa sababu muda umeisha kwenye hatua ya tano, mtu mmoja akiwa ameigeuza kuwa mahubiri. Na ikirukwa ya sita, kikundi kinabaki mahali pa kusema maneno mazuri. Dawa yake ni rahisi: mwongozaji aangalie saa, ampe kila mtu dakika mbili, na mkutano unaofuata ufunguliwe kwa swali, "Wiki iliyopita tulisema tutamtembelea mama yule aliyefiwa. Nani alikwenda?" Ukilisikia swali hilo katika ziara yako ya kwanza, kaa hapo.

Kinachoharibu shirika au seli tunakijua. Cha kwanza ni fedha. Likelemba, mchango wa fedha wa kupokezana, ni jambo jema na inasaidia familia nyingi, lakini ikiendeshwa ndani ya saa ya Neno, mwenye deni anaacha kuja kusali kwa aibu ya deni. Itenganishwe: siku nyingine, daftari lingine, mwekahazina mwingine. Cha pili ni kiongozi anayefanya kila kitu. Akihama, kikundi kinahama naye. Kila mwezi mtu mwingine aongoze, naye kiongozi akae akisikiliza. Cha tatu ni kabila, na hapa tuseme wazi. Kikundi cha watu wa lugha moja ya nyumbani, wenye hasira moja na woga mmoja, kinaweza kusali kwa moto mwingi kikilisha chuki. Yesu aliweka katika kundi moja Mathayo mtoza ushuru, aliyekusanya kodi chini ya utawala wa Warumi, na Simoni aitwaye Zelote, jina la waliowapinga Warumi hao. Walikula pamoja. Kama mtaa wako una watu wa makabila manne na shirika lina kabila moja, uliza kwa upole kwa nini.

Na tukisema kwamba kundi dogo linaweza kumkuza mtu hadi mwisho, mji huu una shahidi wake. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alikuwa katika Jumuiya ya Sant'Egidio, jumuiya ya walei iliyozaliwa Roma mwaka 1968, ambayo mwendo wake ni sala, Injili na urafiki na maskini. Hapa Goma urafiki huo ulikuwa na watoto wa mitaani. Alifanya kazi kwenye Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, mahali ambapo saini moja inaweza kupitisha mzigo mpakani. Alipewa fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni, akakataa. Alitekwa na kuuawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Msomaji Mprotestanti si lazima akubaliane na utaratibu wa kutangaza wenyeheri ili aone jambo lenyewe: kukataa kule hakukuanza siku ile ya mzigo. Kulikuwa kumeandaliwa wiki kwa wiki, katika kundi la watu waliosoma Injili pamoja na kuwajua kwa majina watoto ambao wangeweza kula chakula kile.

Mlezi, mtu kwa mtu

Paulo anamwambia Timotheo, katika 2 Timotheo 2:2, ayakabidhi aliyoyasikia kwa watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine. Ulezi wa mtu mmoja ndiyo njia yenye kina kuliko zote, na ndiyo adimu kuliko zote, kwa sababu watu waliokomaa wana kazi nyingi na wapya wanaona haya kuomba.

Omba kwa maneno mafupi yenye mwisho. "Yaya, ninaomba unisaidie kusoma Injili ya Marko. Ina sura 16, sura moja kwa wiki. Tukimaliza tutaona." Mtu mzima anaogopa kuahidi maisha yake yote, lakini miezi minne anaweza. Mkutane dakika 60: kumi za habari za wiki, thelathini za kusoma na kuulizana, kumi za kuandika, kumi za kusali. Katika kuandika, daftari linahitaji mistari mitatu tu: nimeona nini juu ya Yesu, nitatii nini, nitamwambia nani. Wiki inayofuata mnaanzia mstari wa pili. Jambo lisipofanyika mara tatu, msiendelee na sura mpya. Kaeni pale, mtafute kinachozuia. Mara nyingi ni deni, ulevi, uchungu wa zamani, au mtu fulani nyumbani.

Mwanamume alelewe na mwanamume, mwanamke na mwanamke, na mkutane mahali watu wanapopita: ukumbi wa kanisa, ua wa nyumba yenye familia. Msikopeshane fedha katika muda huo. Kama mlezi anaona una njaa, awaambie viongozi wa kanisa wakusaidie, ili urafiki usigeuke utegemezi. Na mlezi hana amri juu ya ndoa yako, kazi yako wala safari yako. Anauliza, anashauri, anaomba. Akianza kusema "mimi ni baba yako wa kiroho, ukinipinga umempinga Mungu", funga daftari, mshukuru, nenda kwa mchungaji au padri ukaeleze. Yesu alisema katika Mathayo 23:8 kwamba mwalimu wetu ni mmoja, na sisi sote ni ndugu.

Upungufu wa njia hii ukiwa peke yake ni kwamba unamjua Yesu kwa macho ya mtu mmoja tu. Makosa yake yatakuwa yako. Ndiyo maana tunaifunga na shirika.

Chumba cha maombi

Tunawaheshimu wanaokwenda. Mama ambaye mtoto wake anachomwa na homa, mke ambaye mume alitoka asubuhi na hakurudi, kijana ambaye volkeno ya Nyiragongo imemeza nyumba yao mwaka 2002 au 2021: hao hawawezi kungoja Jumapili. Chumba cha maombi kinafungua mlango Jumanne saa sita, na mtu analia bila kuambiwa anyamaze. Wengi wamejifunza pale kufunga, kusali kwa sauti, kusubiri mbele za Mungu. Darasa halifundishi hayo vizuri.

Lakini kukuza mwanafunzi ni jambo jingine. Kwa kawaida Neno halisomwi kwa mfuatano, anayekujua ni anayekuombea tu, na unabii unachukua nafasi ya kutii. Maandiko hayatuambii tudharau unabii. 1 Wathesalonike 5:20-21 yanasema, "msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema". Kwa hiyo jaribu. Unabii unaokutajia jina la jirani au shangazi kuwa mchawi wako, usiubebe nyumbani. Umevunja familia nyingi. Unabii unaodai "mbegu" ya fedha ili utimie, uache pale pale. Unaokuambia uoe nani au usafiri lini, uweke mbele ya watu wawili waliokomaa wasio wa chumba kile, ungoje.

Mambo mawili hayana mjadala. Hakuna maombi yanayomtaka mtu aache dawa za UKIMWI, kifua kikuu, shinikizo la damu au kifafa. Anayeziacha anarudi hospitali akiwa mahututi, au harudi. Ombeni na mmeze dawa. La pili ni mtoto anayesingiziwa uchawi. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto inalikataza, na kabla ya sheria ile, Marko 10:14 ilikuwa imeshasema: "Waacheni watoto wadogo waje kwangu". Chumba kinachomfunga mtoto kamba, kumnyima chakula au kumpiga ili "atoke pepo", ondoka humo na mtoto wako siku hiyohiyo, ukatoe habari.

Chumba kizuri kipo, na kinatambulika: kiko chini ya kanisa linalojulikana, kiongozi wake ana wa kumkemea, sadaka inahesabiwa na watu wawili au watatu na kuandikwa, na watu wanaambiwa waende pia kwenye shirika au seli zao. Hicho kitumie kwa maombi. Kukua, kukulie kwingine.

Simu na redio

Ni viungo vya mboga, si mboga. Mahubiri ya kwenye simu hayajui kama ulimlipa mfanyakazi wako wa nyumbani. Yafaa kwa jambo moja hasa: Biblia ya kusikiliza, kwa asiyesoma vizuri au kwa motari anayengoja abiria. Injili ya Marko yote inasikilizwa kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Pakua sehemu yenye mtandao mzuri, usikilize bila kununua vifurushi kila siku.

Kwa kutupa jicho moja

| | Darasa | Shirika / seli | Mlezi | Chumba cha maombi |
|---|---|---|---|---|
| Muda | Una mwisho | Hauna mwisho | Wiki 16, kisha mnaamua | Wakati wa shida |
| Anayekujua | Mwalimu, kidogo | Majirani 8–12 | Mtu mmoja, sana | Anayekuombea |
| Neno | Imani yote kwa mpangilio | Injili ya Jumapili au kitabu | Kitabu kizima | Mistari michache |
| Unaulizwa kama ulitii? | Mara chache | Ikiwa hatua ya 6 inafanyika | Kila wiki | Karibu kamwe |
| Unatumwa? | Baadaye | Ndiyo, kwa majirani | Ndiyo, kwa mtu wa tatu | Mara chache |
| Kinachoiharibu | Kukariri, kadi | Fedha, kabila, kiongozi mmoja | Utawala wa mtu | Unabii bila uchunguzi |

Kwa hali yako

Kama hujabatizwa, jiandikishe darasani, na wiki hiyohiyo nenda shirika au seli. Usisubiri kumaliza darasa ndipo uanze kuishi na watu. Kama umebatizwa zamani na umeamka sasa, darasa si la lazima. Anza na shirika na umtafute mlezi.

Mama anayeuza samaki Kituku tangu alfajiri hawezi mikutano mitatu kwa wiki, na asijilaumu. Shirika moja la mtaani, na mwenzake mmoja wa sokoni wa kusoma naye sura moja ya Marko kabla ya wateja kuwa wengi: inatosha, na inakuza kweli. Mwanafunzi wa chuo ana hatari nyingine. Anapenda mijadala, anajiunga na vikundi vitano vya chuoni, na hakuna mzee hata mmoja anayemjua. Yeye achague kikundi kimoja, kisha aende pia seli ya mtaa anaolala, akae na akina mama na wazee.

Mke ambaye mume hajaamini, asichague njia ya mikesha. Kulala nje usiku, tena katika mji huu, kunampa mume sababu ya haki ya kukasirika, na njiani kuna hatari. Achague mkutano wa alasiri, amwambie mume ni wapi na utaisha saa ngapi, arudi saa ileile. 1 Petro 3:1 inaweka mwenendo mbele ya maneno.

Mfanyakazi wa forodha, polisi, muuguzi, mtu yeyote ambaye mkono wake unapewa bahasha: wewe unahitaji mlezi kabla ya kitu kingine chochote, na ikiwezekana awe mtu anayeijua kazi yako. Luka 14:28 inataka mjenzi wa mnara aketi kwanza na kuhesabu gharama. Hesabu hiyo ifanyike mezani, na mtu mwingine, kabla bahasha haijafika. Andikeni pamoja: mshahara ukichelewa tutakula nini? Nani nyumbani atakasirika? Mkuu wangu akinihamisha, nitafanya nini? Zakayo alitaja hesabu yake kwa sauti, nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa aliowanyang'anya, mbele ya watu.

Majuma manne ya kujaribu

Usijiunge kwa moto wa siku moja. Tembelea shirika au seli moja mara nne mfululizo, ileile, kwa sababu mkutano mmoja hauonyeshi kitu. Juma la kwanza, angalia nani anaongea na nani hanyanyui kichwa. La pili, uliza fedha inawekwa wapi na nani. La tatu, nenda nao pale wanapokwenda, kwa mgonjwa au msibani. Kama hawaendi popote, umepata jibu. La nne, mwombe kiongozi dakika chache, umweleze jambo moja la kweli la maisha yako, dogo. Ukilisikia baadaye limefika sokoni, usirudi. Asipolitoa nje, na wiki inayofuata akakuuliza linaendeleaje, mwombe aliandike jina lako.

Na ukilazimika kuhama mtaa, kama wengi wetu tulivyolazimika, omba barua ya utambulisho kabla ya kuondoka. Kama mlikimbia usiku bila barua, usikae nyumbani miezi ukiingoja. Nenda shirika au seli iliyo karibu na ulipofikia, sema jina la kanisa ulilotoka, jina la aliyekuwa akiongoza, na sura mliyokuwa mmefika.